Mongina Asemea Kortini

Mongina alikuwa akichuma majani chai shambani kwake Kimulot wakati madam wa probesheni, afisa wa korti, alipofika. Jina lake Chepyegon. Alisalimia, akaweka mkoba chini, akaingia mstarini kumsaidia. Na alijua kuchuma, si kama wale watu wa ofisi wanaong'oa hata magugu.

"Mama Elmina," akasema, "Bogonko anarudi kortini. Alihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mume wako. Siku hizi sheria haimlazimishi jaji kumhukumu kifo kila muuaji. Ataangalia hukumu upya, na wewe una haki ya kusikizwa."

Mikono ya Mongina ilisimama. Ilikuwa miaka kumi na mbili tangu Bogonko, jirani yao, amkate mumewe Obure kwa panga wakigombania mpaka wa shamba. Miaka hiyo yote Mongina aliomba anyongwe. Sasa aliulizwa, naye hakuwa na hakika tena.

Jioni alikuja shemeji yake, Gichana, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa.

"Mwambie jaji amnyonge. Nuhu aliagizwa nini juu ya damu? Amwagaye damu ya mtu, damu yake nayo itamwagwa. Ukimtetea huyo, umemuua ndugu yangu mara ya pili."

Maneno hayo yalimchoma. Asubuhi alimpigia Chepyegon simu.

"Madam, nikisema asinyongwe, ni kama nimemsamehe? Maana sijamsamehe, na siwezi kudanganya Mungu."

"Hapana, mama. Hakuna anayekulazimisha kusamehe. Na kukataa kifo si kusema aachiliwe. Jaji anaweza kumfunga miaka mingi. Yeye ndiye ataamua. Wewe sema tu yaliyo moyoni."

"Na Mungu je?"

"Hapo siwezi kukuamulia. Biblia unasoma mwenyewe."

Mongina alicheka kidogo. "Nasoma. Kaini alimuua ndugu yake, na Mungu akakataza mtu asimuue. Hapo shemeji huwa anaruka." Halafu akaongeza, "Madam, Obure akifa, Bogonko peke yake ndiye aliyekuwa hapo. Akinyongwa, nitamuuliza nani maneno ya mwisho ya mume wangu?"

"Hilo pia liseme kortini."

Siku ilifika. Mongina alisimama mbele ya jaji.

"Sijamsamehe," akasema. "Aliniachia watoto watatu wa kulea peke yangu. Lakini msimuue. Mfungeni. Na aniambie mume wangu alisema nini mwisho."

Jaji alimruhusu Bogonko ajibu. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi.

"Alisema, 'Bogonko, wacha. Tupime tena kesho.' Nilimsikia vizuri. Sikuacha." Akalia.

Mongina naye alilia, na kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza. Jaji alifuta hukumu ya kifo, akampa Bogonko miaka thelathini.

Nje, Gichana alimsubiri Mongina. Kisha akauliza, "Shemeji, huo mpaka uliwahi kupimwa na mpima ardhi?"

"Haujawahi."

Wiki iliyofuata waliita mpima ardhi. Mama yake Bogonko, aliyebaki na shamba la mwanawe, alisimama upande wake, Mongina upande wake, na Gichana akapigilia vigingi.