Nyota Mbele ya Jina la Halfani

Ukifika Kizota ukauliza fundi wa kufufua kompyuta zilizokufa, utaletwa kwangu. Mimi Joshua. Shule niliishia kidato cha pili, na wenye digrii zao wananisubiri kwenye benchi, tena kimya. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua lilelile, vumbi lilelile. Jirani yangu Halfani, fundi wa kuchomelea, alikuwa anamalizia geti la mteja huku anapiga mluzi. Ijumaa alikuwa anaoa.

Mama yake, Bi Asma, akashuka kutoka kijiji cha Busi na kompyuta kuukuu kaifunga kwenye kanga. Kule kijijini yeye ndiye katibu wa chama cha kuzikana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Humu mna majina ya watu wetu wote. Nitolee, uyaweke kwenye kompyuta mpya." Akashusha sauti. "Ila usifute mtu. Sisi hatufuti jina mpaka kaburi lifukiwe, halafu mimi nalitamka mara tatu. Ambaye hajazikwa hafutwi."

"Mama, hii kwangu ni kumsukuma mlevi."

Hakucheka. Akaenda zake sokoni.

Kazi yenyewe iko hivi. Skrini nyeusi, hakuna kubofya, unaandika amri kwa mkono. Ninayo programu ndogo inayosoma mafaili ya zamani na kuyageuza yafunguke kwenye kompyuta za leo. Na mafaili yale yana tabia moja. Ukifuta jina, haliondoki. Linawekewa nyota mbele, basi. Lipo palepale, ila kila programu ikifika hapo inaliruka.

Nikamwita Halfani aone. Marehemu wote na nyota zao. Katikati yao jina lake, halina kitu.

"Bwana harusi, nikikufuta je?"

"Futa! We wa kidato cha pili utafuta nini zaidi ya ubao?"

Nikaweka nyota. Tukacheka, akarudi kwenye geti lake. Nikaandika amri ya kugeuza, na kama kawaida yangu nikalifuta faili la zamani, diski nikaisafisha kabisa. Sikumbuki kuitoa ile nyota. Hapana, niseme kweli. Nilikumbuka. Nikaona itachekesha zaidi mama mtu akilikosa jina la mwanawe.

Mluzi ukakatika.

Mwenye geti alifika, akapita mbele ya Halfani, akaniuliza mimi, "Hili geti kalichomelea nani?"

"Mimi hapa," Halfani akasema.

Yule mteja bado alikuwa ananitazama mimi, anasubiri jibu.

Mama muuza chai akanimiminia changu. Halfani akamshika mkono. Mama wa watu akajikuna pale aliposhikwa, akaondoka.

Saa nane Bi Asma akarudi. Halfani akampigia magoti mlangoni.

"Mama. Mama, ni mimi."

Akamkanyaga vidole, akaingia.

"Mama," nikasema, "Halfani huyu hapa. Mwanao."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, utani mwingine unauma. Mimi Mungu hakunijalia mtoto."

Nikarudi kwenye kompyuta. Faili la zamani hakuna. Jipya halina jina lake. Nikaliandika, herufi kwa herufi. Nikahifadhi. Nikafungua. Halipo. Nikaandika tena. Halipo.

"Joshua," Halfani akanong'ona sikioni mwangu. "Nitoe huku."

Nilimsikia. Pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni. Lakini wateja watatu walikuwa kwenye benchi, wananiangalia kama kichaa anayeongea peke yake. Nina jina langu Kizota.

Nikajifanya sijasikia.

Tangu dakika ile simwoni tena.

Ijumaa haikuwa na harusi, na hakuna aliyeuliza. Bi Asma alinishukuru kwa kazi nzuri. Karakana ya Halfani wanasema ni stoo, haijawahi kupangishwa.

Leo umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Mchana nimetoka kula, nimerudi, nikakuta mlango wangu wa chuma una maandishi ya kuchomelewa. JOSHUA. Mbele yake nyota moja. Nimeigusa. Imeniunguza kidole.

Nimemwita muuza chai aje aone. Yuko hapo, hatua nne.

Bado hajageuka.