Aliyemulikwa Mara Mbili

Kidoti alikiamkia kiti kabla ya kumwamkia baba yake. Pikapu ilikuwa ndiyo kwanza imeingia uani, taa bado zinawaka. Mtoto alisimama mlangoni, akakitazama kiti cha abiria kilichokuwa kitupu, akasema "Shikamoo" kwa adabu ambayo mama yake alikuwa akimbembeleza aionyeshe siku zote asifaulu. Akasubiri kidogo, kama anayesikiliza jibu. Kisha akakohoa.

Mama Kidoti alicheka. Angejua, asingecheka.

Mumewe alisafirisha maziwa usiku kuvuka mlima, na madereva wenzake walimwita Kobe kwa sababu hakuwahi kumpita mtu. Wiki ile alikuwa amebadilisha balbu za mbele. Kila gari alilokutana nalo siku hizi lilikuwa na taa nyeupe zenye ubluu, zile zinazokuachia madoa machoni hata ukishafumba, naye alikuwa amechoka kuchomwa. Akatafuta nyeupe kuliko zao. Wacha na wao waonje, alimwambia mkewe. Fundi wa umeme wa magari, jirani yao, alimwonya kwamba taa hizo hupendeza barabara ikiwa kavu, lakini penye ukungu mwanga wote unakurudia usoni, unabaki kuendesha huku unatazama ukuta. Kobe akamjibu kwamba huo ni wivu tu.

Tangu hapo, kila pikapu ilipoingia uani, mwanga ulipenya pazia ukatambaa ukutani, juu ya cherehani ya Mama Kidoti, na nyumba ikajaa harufu ya sufu mbichi iliyounguzwa na pasi. Yeye ni mshonaji, harufu hiyo anaijua. Lakini pasi ilikuwa imezimwa, na sufu hakuwa nayo. Kikohozi cha Kidoti kikashuka kifuani. Daktari wa zahanati akampa dawa ya kuvuta, akasema ikizidi wampeleke hospitali kubwa, ng'ambo ya mlima.

Kobe naye alikuwa haongei wala hali. Hatimaye akayatapika yaliyomsibu, wakiwa kitandani, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeogopa kuamsha mgeni. Alikuwa kwenye kona ya juu kabisa ya mlima, ukungu umesimama mbele ya taa mpya kama shuka jeupe, na ndani ya weupe ule palikuwa na mtu mrefu, amempa mgongo. Kobe alifanya wanachofanya madereva wote. Alisimama, akamulika taa kubwa mara mbili: pita, nakusubiri.

"Akapita?" mkewe akanong'ona.

"Hakupita. Aligeuka, akaja."

Alisikia springi za kiti cha abiria zikibonyea. Mlango haukufunguliwa.

Asubuhi Mama Kidoti alimburuta mumewe hadi kwa fundi. "Mimi majini sifukuzi, shemeji," fundi alisema, "mimi nabadilisha balbu," lakini hakucheka. Alizitoa zile nyeupe, akarudisha za zamani, za njano. Jioni ile Kidoti hakukiamkia kiti, na harufu haikuja. Mama yake alilala usingizi wa kwanza wa maana tangu balbu zile zifungwe.

Wakadhani yameisha, mpaka usiku ambao Kidoti aliamka akivuta pumzi kwa mlio wa filimbi, midomo imegeuka rangi, na dawa haikufua dafu.

Waliupanda mlima, mama kwenye kiti cha abiria, mtoto mapajani. Taa za njano zililala chini, barabarani, zikaonyesha mstari wa pembeni na mawe ya ukingo, na ukungu haukuwa ukuta tena. Mbele hapakuwa na mtu. Kisha lori likatokea na taa zake nyeupe, ndani ya pikapu kukawa kama mchana, Kobe akakwepesha macho kuelekea ukingo wa barabara, na mama akainamia mtoto wake, akaona mkono.

Ulikuwa juu ya kifua cha Kidoti. Vidole virefu, vimetulia, kama vya mtu anayembembeleza mtoto alale. Lori likapita, giza likarudi, mkono haupo.

"Umeona nini?" Kobe aliuliza.

"Endesha, Baba Kidoti."

Mama Kidoti alielewa sasa kwamba taa za njano hazikumfukuza yule mtu, zilimficha tu, na kwamba aliyekaribishwa hakuwahi kushuka, alikuwa nao kwenye kiti hikihiki alichokalia yeye, na kila gari lililowajia na weupe wake lilimwonyesha tena, mkono mmoja, kisha miwili, kisha kidevu begani pake na harufu ya sufu iliyoungua shingoni, na mlio wa filimbi kifuani mwa mtoto ukazidi kuwa mwembamba, naye akaanza kumwomba, bila kujua anamwomba nani, amwachie, achukue kingine, amchukue yeye, achukue hata macho yake, huku Kobe akilia kimya na kukanyaga mafuta kama ambavyo hajawahi maishani.

Mlango wa hospitali ulikuwa wa kioo, na nyuma yake taa ndefu za dari ziliwaka nyeupe, ukumbi mzima, bila kona moja ya giza. Mama Kidoti alisita pale kivuli kilipoishia.

"Hapumui," Kobe alisema. "Mke wangu, hapumui."

Akaingia.

Muuguzi alikuja mbio na kitanda cha magurudumu, akanyoosha mikono, kisha akaishusha. Alikuwa akitazama juu kidogo ya kichwa cha Mama Kidoti, kwa heshima, kama mtu anayemtazama mkubwa wake.

"Mama, mwambie mzee amwachie mtoto tumlaze."

"Mwambie wewe, dada," alisema Mama Kidoti. "Mimi nimemwomba njia nzima."