Taa Nyekundu Nyumbani kwa Kobad Ali

Kobad Ali alikuwa amelala chali kando ya kitanda chake, kibiriti mkononi, kipande cha plastiki nyeusi kimemwingia shingoni. Chini ya kitanda, sanduku la mbao lililohifadhi betri ya sola lilikuwa limepasuka vibaya. Betri ilikuwa imelipuka jana yake alasiri, lakini harufu ya tindikali ilikuwa bado inachoma macho.

Inspekta Ruhul Talukdar aliziba pua kwa leso. Alikuwa amevuka mto Jamuna tangu alfajiri kufika Char Kajoli, kisiwa cha mchanga ambacho nguzo ya umeme haijawahi kukanyaga. Talukdar alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini mbele ya maiti alikuwa mpole kupita kiasi.

Nje, watu walikuwa wanapiga kelele.

"Mtupeni mtoni!"

"Muuaji mkubwa!"

Aliyetakiwa kutupwa mtoni ni Tofazzal, fundi sola wa gulioni, mdomo umevimba, shati limechanika, mikono imefungwa kamba. Konstebo Dulal alikuwa amemwokoa kwa shida kutoka mikononi mwa watu. Mlalamikaji alikuwa Moksed, mdogo wa marehemu.

"Afande, huyu alimuuzia kaka yangu kontrola feki," Moksed alisema. "Kazi ya kontrola ni kuzuia betri isishibe kupita kiasi. Hii imeshindwa, betri imelipuka. Amemuua."

"Wewe ni fundi?"

"Mimi mkulima wa pilipili. Lakini kisiwa hiki, afande, hata mbuzi wanajua sola."

Talukdar alimketisha Tofazzal barazani.

"Ulimuuzia kontrola gani?"

"Nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo."

"Kila muuzaji husema hivyo."

"Afande, kaka Kobad alikuja dukani mara tatu kabla ya kununua. Mara tatu! Anaziinua, anazipima mkononi, utadhani anachagua boga. Nikamwambia, hii ya bei rahisi haina akili, inapitisha umeme tu. Hii nyingine, betri ikishiba inafunga mlango. Betri ikichoka, inawasha taa nyekundu na kukata umeme wa ndani. Akachukua ya pili. Akasema, hapo ninapolala na mke wangu nataka kitu chenye akili."

"Basi mbona betri imelipuka?"

"Hilo ndilo linalonishinda." Tofazzal alianza kulia bila kujificha. "Sijui, afande. Wallahi sijui."

Inspekta alirudi chumbani. Kontrola ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta wa bati, juu tu ya kitanda. Tindikali ilikuwa imeruka kila mahali: chandarua kimetoboka na bati lote limejaa madoa meupe. Lakini kontrola ilikuwa safi. Aliishusha kutoka kwenye msumari wake.

"Dulal, unaona nini nyuma yake?"

"Madoa, afande. Yameendelea ukutani hadi pale ilipokuwa."

"Na juu ya kontrola yenyewe?"

"Hakuna hata moja."

"Maana yake?"

Konstebo alikuna kichwa. "Betri ilipolipuka, kontrola haikuwa hapa."

Talukdar alizikagua nyaya. Waya wa paneli ulikuwa umesokotwa kwa mkono, moja kwa moja na waya wa betri. Shaba ya mahali pa msokoto ilikuwa imeshapoteza mng'aro, kwa hiyo halikuwa jambo la jana. Kisha aliitikisa kontrola. Kutoka kwenye matundu yake zilidondoka chembe tatu za mchele na pumba kidogo.

"Dulal, kwako mchele unakaa wapi?"

"Afande, hilo umuulize mke wangu."

"Hata mimi ningejibu hivyohivyo," Inspekta alisema, na moyo ukamwuma, kwa sababu alikuwa ameshajua.

Mjane, Jahera Khatun, aliletwa, shungi limeshushwa usoni. Moksed alimfuata nyuma, asiache shemeji yake aongee na polisi peke yake.

"Pole sana, mama."

"Tumeshapoa, bwana daroga."

"Nani aliingia wa kwanza baada ya mlipuko?"

"Mimi. Nilikuwa uani naanika pilipili."

"Ukafanya nini?"

"Nikalia."

"Kabla ya kulia?"

Jahera alivuta shungi chini zaidi. Inspekta alifungua kiganja, akamwonyesha zile chembe za mchele.

"Zimetoka ndani ya kontrola, mama. Ilikuwa imefukiwa kwenye pipa lako la mchele."

"Afande, unamsumbua mjane!" Moksed alifoka. "Mke gani ataing'oa kinga ya nyumba yake mwenyewe? Labda umwambie hakimu sababu!"

"Kweli," Talukdar alisema, akimtazama Jahera. "Bila sababu hakuna atakayeniamini. Nikivuka mto na Tofazzal leo, shtaka lake ni kuua."

"Nikiitaja sababu, Moksed atamwambia mwanangu."

"Sina namna ya kulizuia hilo, mama."

Dirishani, Tofazzal alionekana ameketi barazani na kamba zake. Jahera alimtazama kwa muda mrefu.

"Mwezi mzima wa Srabon ulikuwa mvua na mawingu," alisema. "Betri inachoka mapema, taa nyekundu inawaka, umeme unakatwa. Shafiul wangu yuko Oman, kazi za ujenzi. Ana Ijumaa tu ya kupiga simu. Ijumaa tatu mfululizo simu yangu ilikuwa imezima. Ya nne akanipata. Akasema, 'Mama, umenichoka?'"

Alivuta pumzi.

"Nikaing'oa. Nikasokota waya kwa waya, kama wenzangu wote hapa kontrola inapowaudhi. Umeme haukukatwa tena, simu ikajaa. Kobad nikamdanganya kwamba nimempelekea Tofazzal aitazame."

"Halafu mawingu yakaondoka."

"Jua likawaka wiki nzima. Nilikuwa naisikia betri inachemka chini ya kitanda, kama sufuria ya dengu. Nikasema Ijumaa ipite kwanza, nitairudisha. Jana, baada ya kulala mchana, akawasha bidi, sigara yake ya majani, na hewa ya betri ikashika moto."

"Kwa nini uliirudisha ukutani?"

"Sikuogopa jela. Niliogopa Shafiul ajue kwamba baba yake amekufa kwa ajili ya simu yake."

"Walipomkamata Tofazzal?"

"Nikanyamaza."

"Walipompiga?"

"Nikanyamaza, bwana daroga. Nilimsikia anamwita Mungu, nikanyamaza."

Moksed aliegemea mlango. "Shemeji, sema ni uongo. Nimempigia Shafiul asubuhi hii kumpa taarifa ya msiba. Ameapa muuaji wa baba yake hatalala usingizi. Sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie ni mimi. Tofazzal naye ni mtoto wa mtu."

Talukdar aliandika maelezo kwa mkono wake, akamsomea taratibu, maana Jahera hakujua kusoma. Alipofika kwenye jina la Shafiul alisita. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, naye alikuwa na watoto wawili. Alitamani kuliruka jina hilo. Hakuliruka, kwa kuwa bila hilo sababu isingesimama, na bila sababu kamba za Tofazzal zisingefunguliwa. Jahera alitia dole gumba kwenye wino, akaliweka pale alipoonyeshwa.

Dulal alimfungua Tofazzal. Wale waliokuwa wanapiga kelele waliondoka mmoja mmoja bila kumtazama, na fundi akabaki amesimama anajisugua mikono. Kisha aliingia ndani akashika upande mmoja wa machela, akasaidia kumbeba Kobad Ali hadi kwenye boti ya polisi kwa ajili ya uchunguzi wa maiti. Moksed alishika upande wa pili. Hawakusemezana.

Kabla ya kupanda boti, Jahera alitoa simu kutoka kwenye pindo la sari yake, akampa Inspekta.

"Keshokutwa ni Ijumaa," alisema. "Nitakuwa mahabusu kwenu. Ikiita, naomba ipokelewe. Hata kama amepiga kunitukana, asiikute imezima."

"Itapokelewa, mama," Inspekta alisema. Aliitazama. Ilikuwa imejaa chaji.