Niambie Nilivyokuwa

Maji ya ukoko wa wali yalipoa mkononi mwa Baovola kabla hajayafikisha mdomoni. Aliyamimina yakifuka moshi, saa sita mchana, jua la Oktoba likichoma bati. Alipoinua kikombe, midomo ikakutana na ubaridi wa kisimani. Akayamwaga, akamimina mengine. Nayo yakapoa.

"Sufuria mbovu," akasema kwa sauti, ingawa alijua sufuria haina kosa.

Kosa lilikuwa chini ya godoro, na yeye ndiye aliyeliweka.

Mwezi wa nane ukoo wa mumewe ulifungua kaburi lao, kama desturi yao kila baada ya miaka kadhaa. Miaka saba ilikuwa imepita tangu mto umchukue mwanawe Tsilavo, na sasa ilikuwa zamu yake kutolewa juani na kuvalishwa sanda mpya pamoja na wazee wake, watu wakicheza ngoma na kula wali na nyama ya nguruwe. Baovola ni mfumaji wa sanda za hariri. Ya Tsilavo aliifuma mwaka mzima.

Siku hiyo wanawake wanaotaka mtoto huchana kipande cha sanda kuukuu, wakakilalia. Baovola ana miaka hamsini na minane. Hakutaka mtoto mwingine, alimtaka yuleyule. Wanaume walipomtoa maiti wa kwanza, aliyelala karibu na mlango, Baovola akapiga kelele, "Huyu ndiye wangu!" Akapiga magoti, akachana kipande, akakisokomeza ndani ya nguo. Punde mumewe Razaka akatoka na maiti mwingine begani, na jina la Tsilavo lilisomeka wazi juu ya mkeka aliofungiwa. Yule wa kwanza hakuwa na jina. Paa la kaburi lilikuwa limevuja, wino ukafutika, na hakuna mzee aliyekumbuka ni nani.

Mtu mkweli angekirudisha palepale. Baovola aliwaonea haya mawifi zake, akanyamaza, akaenda nacho nyumbani.

Siku tatu baada ya maji kupoa ikaja harufu, ya mkeka uliolowa na udongo mwekundu, ikishuka kutoka ngazi ya darini. Siku ya nne, amekaa kwenye mtambo wake wa kufumia, mchana kweupe, kuku wanaparua uani, sauti ikasema nyuma yake:

"Mama. Nasikia baridi."

Ilikuwa sauti ya Tsilavo. Lakini Tsilavo hakuwahi kumwita mama.

Baovola alikuwa amekutana naye mjini Antsirabe, kijana wa miaka kumi na mitano, peku, anavuta rikisho, kigari cha abiria cha magurudumu mawili. Tsilavo alimbeba yeye na kikapu chake cha vifukofuko vya hariri. Baovola akamuuliza analala wapi.

"Hapahapa kwenye gari, mteja. Ukitaka kupanga, nafasi ipo."

Baada ya mwezi alikuwa anakula kwao. Baada ya mwaka Razaka alisimama mbele ya ukoo wote akatangaza kwamba huyu ni mwanawe, atarithi shamba lake na kulala katika kaburi lake. Wifi Rasendra akabenua mdomo: "Mtoto wa kuokota, tena mwenye ndevu!"

"Ndevu tatu tu, shangazi," akajibu Tsilavo. "Njoo uhesabu."

Watu walicheka, na aliyekuwa anapinga akashindwa kuendelea. Lakini neno "mama" halikumtoka. Alimwita "mteja" mpaka siku aliyokufa, na Baovola alijifanya halimuumi.

Kwa hiyo sauti ilipomwita mama, alijua si yeye. Alijua, na bado akageuka.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na baridi tu, imesimama kama mtu.

"Niambie nilivyokuwa," ikasema. "Nimesahau, Mama."

Akaiambia habari ya rikisho. Kesho yake akaiambia alivyomnunulia viatu vya kwanza, naye Tsilavo akatembea navyo mpaka sokoni amevibeba kichwani visichafuke. Aliona raha kusimulia, kisa juu ya kisa. Miaka saba hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Siku iliyofuata ngazini kulikuwa na miguu. Miguu miwili ya kijana, imevaa viatu vipya, imesimama kwenye kidato cha tatu. Juu ya magoti hapakuwa na kitu.

Razaka ndiye aliyegundua, wakila.

"Unakumbuka Tsilavo alivyomfukuza nguruwe wa mchungaji mpaka ndani ya kanisa?"

"Sikuwepo," akasema Baovola.

"Hukuwepo? Wewe ndiye uliyecheka mpaka ukakaa chini, watu wanaimba!"

"Baba Tsilavo, nakwambia sikuwepo."

Razaka akaweka kijiko chini. "Basi niambie ulimpata wapi huyu mtoto."

Baovola akafungua kinywa. Akakifunga. Alitafuta kila mahali kichwani mwake, akakuta pamefagiwa, na hapo kwa mara ya kwanza akaogopa, si ile hofu ya kuona miguu ngazini, bali ya mtu anayepapasa mfuko na kukuta mkono wake unatokea upande wa pili.

Akamweleza mumewe yote, kwa kunong'ona, mlango umefungwa.

"Mwanamke wewe!" Razaka akanong'ona naye. "Umeleta mtu wa watu nyumbani!"

Alfajiri Baovola akaondoka kwenda kwa dada yake, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, na kadiri alivyokwenda mbali ndivyo ubaridi ulivyomtoka vidoleni, akaanza hata kuimba, mpaka katikati ya tuta akataka kumkumbuka Tsilavo anavyocheka na hakumpata, akataka pua yake, akataka mikono yake, hakuna, akasimama huku maji ya shamba yakimtazama kutoka pande zote mbili, akaelewa kwamba sauti ile imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya nyumba ile, kwa kile kitu, na kwamba akiendelea mbele hatakuwa na mtoto kabisa, na akirudi kitammaliza kidogokidogo. Akageuka, akarudi mbiombio. Kilikuwa kinamngoja kwenye kidato cha kwanza. Kilikuwa na kiwiliwili sasa.

"Bado uso tu, Mama," kikasema. "Niambie uso wangu."

Aliuma kitambaa cha kichwa asije akajibu.

Razaka akamleta Zafindry, mganga, ambaye siku za kazi hutengeneza baiskeli na hana subira na mtu. Akamwaga mbegu zake sakafuni, akazipanga kwa vidole vyenye grisi, akazitazama, akajifunga koti kwa baridi.

"Huyu aliwekwa kaburini zamani, na waliomjua wamekufa wote. Hana hata mtu mmoja wa kumkumbuka, ndiyo maana ana njaa. Anakula kumbukumbu za mwanao, na zikiisha anakuwa yeye. Atakaa mezani hapa."

"Tuchome hicho kitambaa," akasema Razaka.

"Choma, akose pa kurudi, akae milele. Una akili? Kirudishe mlangoni pa kaburi, ukifukie. Lakini kwanza atoke ndani." Akamgeukia Baovola. "Umempa uhai wa mtoto. Mpe na kifo chake. Akishakufa mara ya pili, nyumba ya walio hai itamtema. Na utakachompa hutakuwa nacho tena, hilo unalijua."

"Achukue!" akasema Baovola. "Kifo nani anakitaka?"

Razaka akabaki amesimama mlangoni.

Baovola akakaa chini ya ngazi. Kile kitu kikashuka, kikakaa karibu naye, magoti kwa magoti, juu ya shingo kukiwa na weupe wa sanda tu, na baridi ikamwingia mpaka kwenye meno.

"Niambie, Mama."

"Ilikuwa Februari," akaanza, "na mto ulikuwa umejaa, na mteja mmoja alitaka sanda yake Jumamosi, nami nimeishiwa uzi, na wewe ulisema tungoje maji yapungue, nikakwambia wewe ni mvivu, kijana wa mjini anaogopa kulowa, nikakwambia kimbia, na ukacheka ukaenda, ukachukua uzi, ukarudi mbio kwa sababu nilikwambia kimbia, na gogo la kuvukia lilikuwa linateleza, wakakupata siku ya pili kwenye matete, na uzi wangu ulikuwa ndani ya shati lako, umeufunga kwa nailoni, mkavu. Mkavu kabisa. Sijamwambia mtu kwamba ni mimi niliyekutuma. Hata baba yako."

Halafu kitu kile kikakohoa, na maji yakakitoka, maji mekundu ya mto, yakashuka kifuani, yakajaza viatu vipya, na kikapiga ukelele ambao haukuwa wa Tsilavo wala wa mtu yeyote anayekumbukwa, kikainuka, kikapasuka kama mkeka uliooza. Vikombe vilivyokuwa mezani vikaanza kufuka moshi.

Razaka akakichukua kitambaa mwenyewe, akakifukia mlangoni pa kaburi kabla jua halijatua. Njiani alilia. Miaka saba alijiuliza kwa nini mtoto alivuka siku ile.

Aliporudi nyumba ilikuwa na joto. Baovola alikuwa anafuma, uso umekunjuka, amekuwa kijana.

"Baba Tsilavo," akasema, "huyu mtoto amechelewa, ujue."

Razaka hajui kusema uongo. Akamwambia kweli, palepale. Baovola akafungua nywele, akaanguka, akalia mpaka majirani wakajaa, kilio cha mtu aliyeambiwa leo. Asubuhi akaamka, akafunga nywele zake, akauliza mtoto yuko wapi. Razaka akamwambia tena. Mara ya tatu alipofungua kinywa, aliona pumzi yake imetoka nyeupe, kama ya asubuhi ya Julai, na mahali fulani ngazini kidato kikalia.

Hajakitaja kifo tena. Kila jioni huvaa kofia, huenda mpaka mtoni, husimama. Hurudi.

"Anasema atalala mjini," humwambia mkewe. "Mvua."

Wiki nzima haijanyesha.

"Afadhali," husema Baovola, akivuta uzi taratibu. "Nilimwambia asikimbie."