Jiwe la Juu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya miamba, Kiroboto alizitoa baiskeli karakanani moja moja na kuziegemeza ukutani. Alijaza upepo matairi mapana yenye meno, akajaribu breki, akaipaka minyororo mafuta. Shangazi yake, mwenye karakana, alipita nyuma yake akikagua. Shangazi hakuwa mtu wa kumwaga sifa. Akinyamaza, ujue kazi ni nzuri.

Jina la Kiroboto alipewa na Babu, kwa sababu alikuwa hajui kutulia. Babu ndiye aliyeifungua njia ya makorongoni, zamani sana, hata Kiroboto hajazaliwa. Aliipita kwa miguu, kisha kwa baiskeli iliyojaa viraka, na kila penye njia panda alipanga mawe, makubwa chini, madogo juu. Juu kabisa aliweka jiwe lililochongoka kama mdomo wa kuku, likielekeza pa kwenda. Hilo la juu lilikuwa la mwisho kila mara. Hakuliweka mpaka awe amefika mwisho wa njia na kurudi. Wageni waliokodi baiskeli hawakuhitaji ramani. Walifuata alama za Mzee, kama walivyomwita Babu, na kurudi salama, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Sasa Babu alikuwa ameshafariki. Kigoda chake kilibaki kando ya beseni la kutafutia pancha, na hakuna aliyekikalia. Lakini Kiroboto alimkumbuka zaidi huko makorongoni, hasa kwenye korongo dogo la pembeni, penye mwamba uliobonyea kama kiti. Hapo walizoea kuketi wawili, wakila chungwa moja, huku Babu akimwonyesha jinsi jua linavyozibadilisha rangi kuta za mawe, asubuhi waridi, jioni nyekundu kama kutu. Mbele ya kiti hicho hapakuwa na njia. Korongo liliishia ghafla kwenye genge refu lisiloshukika.

Wiki iliyopita alikwenda peke yake hadi kwenye mlango wa korongo hilo dogo. Hamu ya Babu ilimbana kifuani. Akaokota mawe, akayapanga kama alivyofundishwa, na mikono ikakumbuka yenyewe. Lakini bila jiwe la juu lilikuwa rundo tu, halikuwa la Babu. Akatafuta lililochongoka, akaliweka, likielekea kule kwenye kiti. Alilitazama, akalia kidogo, kisha akarudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi.

Jumamosi hii walikuja Mwalimu na mdogo wake wa kiume, wateja wa tangu enzi za Babu. Waliondoka wakitaniana nani ataachwa nyuma, wakaahidi kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mchana ukapita. Jua likaanza kuinama. Shangazi alitoka nje mara kwa mara kuitazama njia, na mwishowe akavaa kofia ngumu na kupakia chupa za maji. Alisema ataanzia kule chini kwenye mchanga mwingi, maana huko ndiko watu huchoka.

Kiroboto alikuwa amesimama na pampu mkononi. Ghafla lile jiwe likamjia machoni. Alijua walikokwenda. Alijua pia kwamba akisema, huenda asiruhusiwe tena kuingia makorongoni, na makorongo ndiyo yaliyombakishia Babu. Angeweza kunyamaza, Shangazi angewapata tu mwishowe. Lakini wale watu walibeba maji ya asubuhi peke yake.

"Shangazi, usiende chini," alisema. "Watakuwa kwenye korongo dogo. Nilipanga alama pale."

"Alama gani?"

"Kama ya Babu. Na jiwe la juu nikaweka."

Shangazi hakufoka. Afadhali angefoka. Alimpa kofia ngumu na kumwambia apande baiskeli.

Waliendesha kwa kasi mpaka miamba ilipobana, wakaziacha baiskeli na kuendelea kwa miguu. Mdogo wake Mwalimu walimkuta ameketi kwenye kiti cha Babu, kifundo cha mguu kimevimba. Alikuwa ameteleza hatua chache tu kutoka kwenye genge, na dada yake akamvuta hadi pale kivulini. Chupa zao zilikuwa tupu. Mwalimu alikunywa kwanza, kisha akavuta pumzi.

"Tuliona njia imekuwa mbaya, tukataka kurudi," alisema. "Lakini alama ya Mzee tuliiona, na Mzee hajawahi kutupoteza."

Maneno hayo yalimchoma Kiroboto kuliko kiboko. "Si ya Mzee," alisema, machozi yakimtoka. "Ni yangu mimi. Nilimkumbuka tu. Naomba mnisamehe."

Mwalimu akamwambia yamekwisha. Mdogo wake, huku akikunja uso kwa maumivu, alisema kwamba kwa kweli mtoto ana mkono wa Mzee kabisa, ila bado hajapata miguu ya Mzee, ya kuimaliza njia kwanza.

Wakati wa kutoka walifika kwenye lile rundo. Kiroboto aliinua mguu alipige teke, Shangazi akamzuia, akamwambia aondoe jiwe moja moja. Lile la juu Shangazi alilichukua mwenyewe. Aliligeuzageuza mkononi, na macho yake yakalowa kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kumkumbuka si kosa, mwanangu," alisema. "Hata mimi kile kigoda kinanishinda kukipita. Lakini watu hawakuwa wakifuata mawe. Walimwamini babu yako, kwa sababu hakumwelekeza mtu kwenye njia ambayo yeye mwenyewe hajaimaliza na kurudi. Na leo tumewapata wazima kwa sababu umesema kweli mapema. Ukitaka kufanana naye, anzia hapo."

Baiskeli ya Kiroboto ilitundikwa ukutani likizo nzima. Alitembea kwa miguu na Shangazi, wakikagua alama zote. Kwenye njia panda moja mbuzi walikuwa wameiangusha alama ya Babu, na Shangazi akamwachia aipange upya. Kiroboto aliyapanga yote isipokuwa la juu. Hilo alilitia mfukoni, akaenda mpaka mwisho wa njia, akarudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Shangazi alikuwa ameketi akimsubiri, anamenya chungwa. Alimkatia nusu.

"Haya," akasema. "Sasa liweke."