Glavu ya Inspekta Lugembe

Umeme ulikatika, kwenye runinga Inspekta Lugembe akiwa ameshika ncha ya glavu yake, anataka kuivua. Mgahawa wa Mama Kuluthumu pale Mtendeni ukalipuka kwa kelele. Tangu tamthilia ianze, hakuna aliyewahi kuuona mkono wa kushoto wa yule mpelelezi!

"Ana ukoma," alisema mmoja.

"Ukoma unao wewe! Anaficha pete ya mke wa pili."

Watu wakaangua kicheko. Zamda, fundi cherehani, gauni la njano limemkaa kiunoni kama lilizaliwa naye, alimgeukia kijana waliyebanana naye kwenye benchi. Jua lote lile la Oktoba, naye kavaa shati la mikono mirefu, kafunga vifungo mpaka viganjani.

"Na wewe, kaka wa baridi, unasemaje?"

"Aliungua kwenye bani la kukaushia tumbaku," alisema taratibu. "Akijaribu kumtoa baba yake. Mzee aligoma tumbaku yake kuitwa takataka na wanunuzi, akawashawishi na wenzake wagome. Bani likawashwa, naye yumo ndani."

"Mh! Unajua kutunga! Nani mwenzangu?"

"Idrisa. Wa Igalula."

"Mimi Zamda, wa hapahapa. Na sina mtu," alisema, akaushangaa ulimi wake mwenyewe.

Mapenzi yakashika kasi. Simu asubuhi, simu jioni. "Umekula, malkia?" "Nile vipi na wewe uko mbali?" Hakuna hata siku moja aliyomwona na shati la mikono mifupi.

Mashabiki wa Lugembe walikuwa na kundi lao kwenye simu, kazi yao kumtungia maisha. Desturi yao ilikuwa moja: kila uongo ufungwe kwa kiapo, unoge. Zamda akarekodi kisa cha bani, akamalizia kwa madoido: "Wallahi ni kweli, bani lenyewe liko Igalula!" Sauti ikasambaa.

Siku chache baadaye namba ngeni ikapiga.

"Dada Zamda, kile kisa umepewa na nani?" Sauti ya mwanaume, ya upole kupita kiasi.

"Ni tamthilia tu, kaka."

"Lugembe ni tamthilia. Igalula si tamthilia."

Akampigia Idrisa, akijaribu kucheka. Idrisa hakucheka.

"Zamda, umetaja Igalula?"

"Si mchezo tu, mpenzi?"

"Baba yangu alifia mle. Nilimwona aliyewasha. Anajua yupo aliyemwona, hajui ni nani. Umeniuza!"

Simu ikakatwa. Tangu hapo haikupokelewa tena.

Kesho yake pikipiki nyeusi ikasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda cha Zamda cha kushonea. Dereva hashuki, kofia haivui. Zamda akajichoma sindano mara kwa mara. Watu wa aina ile sisi wakulima tunawajua: tumbaku hawakuipanda, jembe hawalijui, ila kiberiti kinawatii. Sisi tulizoa majivu, wao wakatuomba tusahau. Hatujasahau.

Zamda akarekodi tena. "Jamani, Igalula nilibuni. Kila mtu amtungie Lugembe bani lake, na mahali pake. Nichekesheni!" Alitaka kumficha Idrisa katikati ya uongo mwingi.

Visa vikamiminika: Urambo, Kaliua, Sikonge. Vya kwanza vilichekesha. Kisha mama mmoja akashindwa kumaliza. Mwanaume akataja jina la mdogo wake, akaishia hapo. Zamda alisikiliza mpaka kisa cha mwisho. Hakuna hata mmoja aliyeapa, kama ilivyo desturi ya uongo wao.

Mchana wa jua kali, Idrisa akaingia kibandani amevaa fulana. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjamana kama gome, kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

"Nimesikiliza wote," alisema. "Nilidhani niko peke yangu."

"Nisamehe, Idrisa. Rudi, pikipiki ile pale!"

"Nimeiona."

Simu ikaita. Namba ileile. Idrisa akaiwahi.

"Unamtafuta aliyekuona? Ni mimi, Idrisa, mtoto wa mwenye bani. Na sasa wenzangu ni wengi."

Upande wa pili ukakata simu.

Idrisa akamrudishia simu yake. "Wameshanijua, Zamda. Ukinitaka mimi, unaitaka na hofu."

"Hofu ninayo tayari. Kilichobaki ni posa."

"Basi nakuposa."

Nje pikipiki ilinguruma, haikuondoka. Zamda akavuta futi kamba, akaanza kumpima bega.

"Shati la harusi," alisema, machozi yakimtoka. "Mikono mifupi."