Swali la Siri la Tovuti ya Risper

Harufu ilitangulia. Harufu ya rasta, nywele za kusukia, zikichomwa ncha kwa kiberiti, na ndani ya nyumba hakuna aliyekuwa anasukwa. Halafu tovuti ya Risper, ile aliyowekea picha za misuko yake ili wateja wa Kakamega mjini wamwone, ikazimika, na mtoto wake Shantel akaanza kulia, akalia asubuhi nzima bila machozi.

Mama mkwe wake, Rachael, aliishia mlangoni.

"Mama Shantel, mtoto akilia hivi tunamtajianga majina ya waliokufa. Akinyamaza kwa moja, basi huyo ndiye amekuja. Na mzazi ndiye anatajanga. Mtaje wifi yako."

"Simtaji, Mama."

"Si jini la kuletwa, huyo. Nilimzaa mimi."

Ndiyo maana Risper hakutaka: huyo angekuja kweli. Wifi huyo, Maurine, ndiye aliyemfundisha kusuka, na siku ya kufa kwake alimwekea Risper mkono tumboni, mimba ikiwa ya Shantel, akasema, "Huyu ni wangu."

Rachael alipoondoka, Risper akaipigia simu kampuni inayomtunzia tovuti. Akapokea kijana mpole, Weldon.

"Madamu, haijaharibika. Kuna mtu amebadilisha neno la siri akakufungia nje."

"Mtu gani?"

"Anatumia intaneti ya hapo kwako. Hata sasa yuko ndani."

Risper akatazama chumba. Ni yeye na mtoto tu.

"Nijibu swali la siri nikurudishie. Mtoto wako anaitwa nani?"

"Shantel."

"Siyo."

"Nilijaza mwenyewe, ni Shantel!"

"Jibu limebadilishwa leo, madamu. Jaribu lingine. Linaanza na M."

Risper hakuogopa tena, woga ulikuwa umemwisha kama maji kwenye mtungi uliopasuka, alibaki ameshika simu huku kilio kikimpita kichwani na ile harufu ikimjaa puani na yule kijana akisema "madamu, bado uko?", na mdomo ukafunguka wenyewe, ukasema polepole:

"Maurine."

Mtoto akanyamaza.

"Asante, imekubali," Weldon akasema. "Iko hewani."

Risper akafungua. Picha zote za misuko hazipo. Kuna picha moja tu, ya Shantel, na chini yake limeandikwa jina: Maurine.

Nyumba haikunuka tena. Akainama ambusu mtoto utosini, na harufu ya rasta iliyoungua ikawa hapo, kwenye ngozi, na mtoto akamtabasamia kama mtu mzima.

"Kuna lingine nikusaidie, madamu?"

"Hapana," akasema Risper, na hakuhisi kitu.